Wavu Uliofika Mgongoni

Kwa dobi pale, mpiga pasi mkubwa alikuwa mwanamke mwenye kiburi chake, na kiburi chenyewe kilikaa miguuni. Anayeshinda miaka karibu na jiko la mkaa huchorwa na moto kwenye miundi, michoro ya rangi ya zambarau kama wavu. Wapiga pasi wote walikuwa nayo, wakajivunia.

"Nyie wenye miguu mitupu hamjaiva," aliwaambia wageni wa kazi.

Yake ilipanda mpaka mapajani, ikapita kiuno. Mdogo wake, mkunja nguo wa meza ya pili, aliiona siku anamsugua mgongo.

"Dada, jiko huwa mbele yetu. Huku nyuma moto umefikaje?"

"Umezunguka. Wewe sugua."

Yakaisha hapo. Kisha kichwa kikaanza kumgonga dada, na mkono wa kulia ukawa unakufa ganzi, unarudi. Akasingizia uzito wa pasi.

"Twende hospitali, dada."

"Nikafanye nini, nikaonyeshe miguu? Mkono huu unatulisha sote, haujawahi kuniangusha."

Ukimshika huku, anatokea kule. Mdogo wake akachoka kusema.

Asubuhi moja dada alikuwa kwenye kola ya shati jeupe, pasi ikasimama. Moshi ukapanda.

"Leo na wewe unaunguza?" mdogo wake akamtania.

Dada alimtazama tu. Mdomo ulikuwa umeenda upande, na neno halitoki.

Hospitali, daktari alimfunua mgongo, akauliza michoro ile ilianza lini.

"Ni moto wa kazi, daktari. Wote tunayo," mdogo wake akajibu.

"Moto huchora pale unapofika tu. Mchoro huu wa mgongoni ni damu inayogandia kwenye mishipa midogo. Ilianza na ngozi, sasa imeziba njia kichwani. Dawa ipo, ya kuizuia isigande tena."

"Na mkono?"

"Mazoezi atafanya. Ila kwamba utarudi wote, siwezi kukudanganya."

Dawa anameza. Nyumbani hakubali kukaa, kwa hiyo amewekewa kiti kwa dobi, kando ya meza iliyokuwa yake. Sasa anayepiga pasi ni mdogo wake. Akiharibu mkunjo, dada hugonga kiti kwa mkono wa kushoto mpaka urudiwe. Wa kulia umelala mapajani. Ukiushika, hajui umeshikwa mpaka ainamishe kichwa autazame.