Siku Nne Baba Alipogoma Kula Msituni

Kirolirwe, nilikokulia, mtu akija kwenu unamwona tangu anapofunga mlango wake. Vilima ni majani matupu, vimekatwa na nyua za miti, na ng'ombe husimama juu yake hata mvua ikinyesha. Asubuhi ukungu hujaa bondeni, na ukiondoka huacha majani yamelowa, kwa hiyo utoto wangu wote niliupitisha na sketi iliyoshika miguu. Harufu ile ya samadi, maziwa na moshi wa mikaratusi ninaitamani hadi leo. Ikinijia ghafla hapa mjini ninapoishi sasa, mtu anaweza kuniuliza kitu mara mbili na nisimsikie.

Baba alikuwa mchungaji. Alikuwa na ng'ombe wake sita na alichunga wengine wa wenyewe. Macho yake yalifika mbali sana, na kwa sababu hiyo alijiona anajua mambo ya mbali pia. Hakuwahi kwenda Walikale, huko msituni, hata siku moja, lakini habari za Walikale alikuwa nazo zote. Alinyoosha midomo kuelekea magharibi, kule milima inakoteremka na kuwa myeusi, akasema, "Kule chini, batu banakula kila kitu yenye iko na roho. Na ukikaa kwabo, banakupatia karuho." Karuho ni sumu ya polepole. Kwa maelezo ya baba, watu wa msitu waliifuga chini ya ukucha wa kidole gumba, na mgeni aliyekula kwao alirudi nyumbani akicheka, akafa baada ya mwezi. Sisi watoto tuliamini. Nilipokuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, niliendelea kuamini nusunusu, na nusu hiyo ilitosha.

Kisha vita vikafika kwetu. Ng'ombe walichukuliwa asubuhi moja, wote, na baba alisimama kwenye ua akiwatazama wakipanda kilima mpaka wa mwisho akapotea. Mama alikuwa amekwisha kufariki miaka ya nyuma, kwa hiyo tulibaki wawili. Watu wengi walitaka kwenda Bweremana, ziwani, lakini njia ya huko ilikuwa na mapigano. Njia iliyobaki wazi ilikuwa ile ya magharibi. Baba alinitazama kama mimi ndiye niliyepanga vita ili nimpeleke Walikale.

Tulitembea siku tatu. Kila siku tulishuka, na kila tuliposhuka kitu kimoja cha kwetu kilituacha. Kwanza baridi, halafu majani ya malisho, halafu viazi kwenye mashamba. Migomba ikawa mingi, michikichi ikaanza, udongo ukawa mwekundu na kushika miguu. Mwishowe miti ikafunga juu ya njia. Baba alisimama, akainua kichwa. "Mbingu yabo iko wapi?" akauliza. Nilicheka. Yeye hakucheka. Mtu aliyezoea kuona mgeni akiwa bado upande wa pili wa bonde alikuwa sasa haoni hatua ishirini mbele yake, na nilimwona akishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Kijijini Kashebere tulipokelewa na mfanyabiashara wa mji wa Butembo aliyekuwa na duka la chumvi, sabuni na nguo. Watu wa huko nao tulikuwa na maneno juu yao tayari: kwetu husemwa kwamba mtu wa Butembo hakupi hata maji kabla hajafikiria bei. Yule papa, kama tunavyomwita baba yeyote mtu mzima, na rozari yake shingoni, alitupa maji, biskuti na chumvi, na alipomwona baba akisita akasema, "Kunywa, muzee. Leo ubahili yangu nimeuacha Butembo." Alitupeleka mwenyewe, nusu siku ya kutembea, hadi kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akimuuzia mafuta ya mawese. Nyumba ya mama huyo ilikuwa na chumba cha ziada, alisema mfanyabiashara, na moyo wake pia.

Mama huyo alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko kifupi anachokimeza haraka. Alituwekea mikeka, akapika. Ugali wa muhogo, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyochemshwa mpaka ikalegea, mawese juu yake, na samaki wa mtoni waliokaushwa kwa moshi. Mimi nilikula. Niliogopa kidogo, lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko woga. Baba alisema ameshiba.

Kesho yake akasema vilevile. Alikula viazi viwili vya mwisho nilivyokuwa navyo kwenye kitambaa, baridi, akiwa ametugeuzia mgongo. Nikaamua kumpikia mwenyewe. Niliomba ndizi, nikazimenya mbele ya macho yake, nikazichemsha.

"Sufuria iko ya nani?" akauliza.

"Ya mama."

"Basi, kula weye."

Siku ya tatu alikuwa akinywa maji tu, aliyoyachota mwenyewe kwa kiganja. Alipotaka kusimama miguu ilikataa, akaketi tena akijifanya ndivyo alivyotaka. Hapo nilishikwa na hofu ya kweli. Baba yangu angekufa, mbele ya sufuria iliyojaa, kwa ajili ya maneno tuliyokuwa tukiambizana kwenye malisho kupitisha wakati. Na mimi, kwa kuona aibu, nikafanya kosa la kijinga kabisa: nilimwambia mwenye nyumba kwamba baba anaumwa tumbo. Yule mama, kwa wema wake, aliingia msituni, akarudi na majani, akayaponda na kumletea baba maji ya kijani machungu kwenye kikombe. Ungeuona uso wa baba! Alinigeukia akanong'ona, "Unaona? Karuho imefika."

Asubuhi ya nne nilikwenda mtoni na mwenye nyumba kulowesha muhogo. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, nikamwambia kweli yote, hata habari ya ukucha. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kuosha muhogo wake, halafu akauliza, "Kwenu, mutu akipatia mugeni chakula, anafanya nini kwanza?"

"Anaonja mbele yake. Mwenye nyumba njo anaanza. Mugeni anaona, moyo inatulia."

Yule mama akauacha muhogo majini. "Huku kwetu ni mugeni njo anaanza. Ukitia mukono mu sahani ya mugeni mbele yake, umemufanya mbwa ya kungojea mabaki. Umemutukana. Na umejitukana weye mwenyewe."

Nilielewa basi kwamba kwa siku zote zile, yeye na baba, kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake, na kila mmoja akimwona mwenzake mtu asiye na adabu.

Tulibaki tumeinama pale majini. Nakumbuka sauti za mahali hapo kuliko sura zake, maana msitu ule unausikia kabla ya kuuona: ndege fulani anayelia kama mlango, na mvua inayokuja kwanza kwa mlio juu ya majani, nawe unakimbia, unaingia ndani, unakausha miguu, ndipo inakufikia. Nimeishi mahali pengi baadaye na hakuna mvua nyingine iliyokuwa na heshima ya kunitangulizia habari.

Mchana alipika kama kawaida, lakini hakuleta chakula ndani. Alikipeleka barazani, kile kibanda cha majani kilichokuwa mbele ya nyumba, ambako shemeji zake wawili, ndugu wa marehemu mume wake, walikuwa wameketi wakiongea. Ardhi aliyolima ilikuwa yao. Nilimshika mkono nikamwambia aonje ndani, wasimwone. "Hapana," akasema. "Papa yako akiona naonja kwa kujificha, ataogopa zaidi."

Tukamtoa baba, nikimwegemeza begani. Mama akaweka sahani mbele yake. Kisha akaketi chini, akanawa, akamega ugali wa mgeni, akauchovya kwenye sombe, akakata kipande cha samaki, akala. Alitafuna bila haraka, akameza, akanywa maji ya kikombe kilekile. Shemeji mkubwa alisimama akaondoka bila kuaga. Mwingine akageuza uso, akatema mate pembeni. Mama hakuwatazama. Alisogeza sahani mbele ya baba.

Baba hakuwa mjinga. Alimtazama yule mwanaume akitokomea njiani, akamtazama mama, na nadhani aliona vizuri kabisa ni kitu gani kilikuwa kimelipwa pale. Alinawa. Alikula taratibu, halafu kwa haraka, halafu akalamba vidole na mawese yakamfika kwenye kiwiko cha mkono. Nililia bila kujificha.

"Mama," akasema alipomaliza, "unisamehe. Nilikuwa nakuogopa."

"Na mimi, Papa."

Mama aligeukia njia ya nyuma ya migomba, akaita kwa lugha yao. Baada ya kitambo wakatokea watoto watatu, wawili wa kiume na msichana mdogo, kila mmoja na mkeka wake kichwani, wakasimama mbali wakimtazama baba na fimbo yake.

"Aba njo batoto yangu," akasema. "Siku mulifika nilibatuma kwa dada yangu, kule nyuma ya migomba. Banasemaka batu ya ng'ombe banauzaka mutoto ya mutu, banunue ng'ombe."

Baba aliilaza fimbo yake chini. Mimi nilikuwa nikihesabu siku. Siku nne yule mama alikuwa ametupikia, na kulala chini ya paa moja na watu aliowaogopa kiasi cha kuwaondoa watoto wake nyumbani, na kila asubuhi alikuwa ameniuliza kama mikeka ilitutosha.