Sifa ya Sentensi Mbili kwa Kitabu cha Bi. Lubin

Watu kumi na wanne walikisifia kitabu chetu, na wote kumi na wanne wakaomba majina yao yasitajwe. Utadhani tumewaomba figo.

Mimi na mwenzangu Pask tuna ofisi ndogo ya uwakala wa waandishi hapa London, vyumba viwili juu ya duka la samaki. Tunamtafutia mwandishi mchapishaji, halafu tunampigania.

Safari hii ni Bi. Hester Lubin, Myahudi wa miaka sabini na sita, mgonjwa wa moyo. Miaka kumi na tisa ameandika historia ya chuki dhidi ya Wayahudi.

Mchapishaji, Giles, akatubana. "Nataka jina kubwa la kukisifu jaladani kufikia Ijumaa. Bila hivyo nakiondoa kwenye orodha ya vitabu vya kuchapwa."

Bibi hana mwaka mwingine wa kusubiri. Nikashika simu, nikampigia mmoja wa wale kumi na wanne.

"Dilys, kitabu nimekilia machozi!"

"Basi tuweke jina lako?"

"Aah, unajua hali ilivyo siku hizi..."

Hali gani? Akakata.

Alhamisi ikaingia barua pepe ya Rupert Haverill, mtangazaji mstaafu anayejulikana nchi nzima, ambaye naye tulimtumia kitabu. Na ruhusa ya kutumia jina lake katia sahihi! Niliruka, chai ikammwagikia Pask.

Halafu nikaisoma.

"Hatimaye, kitabu kinachosema ukweli. Wangekuwa watu wema, nani angewachukia miaka elfu mbili?"

Nilitamani kunawa mikono. Mtu kasoma kurasa mia sita za watu kuchomwa na kufukuzwa, katoka anampongeza mchomaji!

Nilipomsomea Giles, alicheka. "Kata sentensi ya pili. Acha ushamba, wote tunakata."

Kweli tunakata. "Kinachosha ila ni kizuri kwa picha" niliwahi kuyakata yakabaki "kizuri".

Na aibu yangu ni hii: kwa dakika tano nzima, nilikubali.

Kisha nikampelekea Bibi mwenyewe barua ile. Alisoma, akavua miwani.

"Huyu bwana kaniokoa."

"Bibi, una homa?"

"Sura ya mwisho ilikosa mfano wa mwaka huu. Mtie humo, mwanangu. Maneno yote, jina na tarehe. Jaladani sitaki mtu."

Giles akagoma. Bibi akaomba simu.

"Giles, mpenzi, kitoe hivyo hivyo. Au niwaambie magazeti ulitaka kukata nini?"

"Sawa, Bi. Lubin."

Kinatoka Oktoba, jalada tupu. Haverill anasubiri nakala yake ya bure.

Nilichojifunza? Ukimkatia mtu maneno yake machafu ili apendeze, unamfulia nguo. Na mimi nilishashika sabuni.