Nililala kwenye kaburi la korokoroni mwenzangu: ulinzi wa chuo Kisarawe enzi za Mwingereza

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba. Nimeshapita miaka tisini, humu ndani sidhani kama kuna ninayepaswa kumwamkia.

Naandika kwa kidole kimoja na chenyewe kinauma, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie. Nitakayoyasema ni kweli tupu. Atakayeiita chai aiite, aongeze na sukari. Umri huu sina nguvu za kubishana.

Nimeletwa na uzi wa yule kijana wa chuo hapa Kibaha. Analalamika kwamba walinzi wa getini kwao wanasinzia, anataka wote wafukuzwe, iletwe kampuni ya security yenye mbwa na kamera. Komenti zote mmemuunga mkono, hata mmoja hakuuliza wale walinzi wanakaa wapi mvua ikinyesha.

Mimi nilikuwa mlinzi wa chuo. Wakati ule tukiitwa makorokoroni.

Ilikuwa siku za Mwingereza, uhuru bado. Mimi Mnyamwezi, nililetwa pwani na mkonge. Nilikata mkonge upande wa Ruvu mpaka mikono ikawa haifai hata kushika kikombe. Mkataba ulipoisha nikaapa sirudi tena kule, hata kwa kufungwa kamba.

Nikasikia Kisarawe kuna chuo cha ualimu, wanafunzi wanalala hapo hapo, na wanatafuta askari wa geti. Nikatembea mpaka huko. Nikapata.

Mkuu wa chuo alikuwa Mwingereza mrefu, mtu wa haki kwa namna yake. Wanafunzi walimpa jina la Bwana Filimbi kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni. Filimbi ya kuamka, ya kula, ya kulala. Nadhani hata mkewe alimwita kwa filimbi, Mungu anisamehe.

Kwenye ulinzi hakuwa na mchezo. Chuo kilipakana na msitu, na chui alishamchukua mbwa wake mchana kweupe. Tangu hapo wanafunzi hawakwenda chooni usiku ila watatu watatu na taa ya chemli. Kila bweni lilikuwa na kiranja wa zamu. Madirisha yalitiwa nondo. Kwa wanafunzi alijitahidi, siwezi kusema uongo.

Walinzi tulikuwa wawili, mimi na Mzee Kondo.

Huyu Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa kijiji cha hapo chini ya kilima. Mwembamba, sauti nene, amekaa kwenye geti lile tangu chuo kinafunguliwa. Siku ya kwanza kuniona aliniuliza kabila. Nilipomwambia, akapiga makofi.

"Alhamdulillahi! Mtumwa wangu amerudi! Nilikununua kwa kibaba cha chumvi, ulikimbilia wapi?"

Nikamjibu, "Mimi ndiye niliyekununua wewe, na chumvi yenyewe ilikuwa mbovu."

Vijana wa sasa labda hamjui. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Siyo utani huu wenu wa Simba na Yanga wa kutupiana maneno halafu mtu ananuna wiki nzima. Utani wa kwetu una sheria. Mtani anakwambia lolote, anakuchukulia kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Na mtu akifa, mtani wake ndiye anayekuja kuvuruga msiba. Anaigiza marehemu, anawatukana wafiwa, analala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Watu wanacheka huku wanalia, na msiba unakuwa mwepesi kidogo. Msiba usio na mtani, kwa wazee wa zamani, ulikuwa kama marehemu hakuwa na watu.

Mimi Mkatoliki, yeye Muislamu. Utani hauulizi dini.

Basi tukaishi hivyo. Yeye anakula ugali wangu mbele yangu, mimi namfichia makubazi yake anarudi kwake pekupeku. Aliniita mpagazi, nikamwita mcheza ngoma. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuujua mlio wa chui na kuutofautisha na mtu anayekohoa. Nilipougua malaria mkewe, Bi Tatu, aliniletea uji kila siku mpaka nikainuka. Sikuwa na ndugu mwingine pwani hii.

Sasa shida yetu ilikuwa moja. Getini hapakuwa na paa.

Palikuwa na kigogo cha kukalia, basi. Jua letu, mvua yetu. Na mvua za Kisarawe mnazijua, kule milimani masika haina huruma. Tulijifunika magunia. Gunia likilowa linakuwa zito kuliko mvua yenyewe.

Mzee Kondo alikwenda kwa Bwana Filimbi kuomba kibanda. Nilikuwepo. Hata hatukuomba bati, tulisema makuti tutajikatia wenyewe.

Bwana Filimbi akasema, "Askari ndani ya kibanda, analala. Askari kwenye mvua, macho yake wazi."

Ni kweli kabla yangu kuna mlinzi aliwahi kulala, mwizi akaingia akabeba mablanketi ya bweni zima. Kwa hiyo alikuwa na sababu yake. Mzee Kondo hakubisha. Tulipotoka nje akaniambia, "Umesikia mtumwa? Mvua ndiyo inayotufumbua macho."

Masika iliyofuata alianza kukohoa.

Kwanza tulifanya utani, nikamwambia leo nimesikia chui, nimekuja na rungu. Kisha kikohozi kikashuka kifuani, akawa anashika ubavu. Kichomi. Alikwenda dispensari, akapewa dawa, akarudi getini kwenye mvua ile ile. Nilimwambia abaki nyumbani, zamu nitazishika zote mimi. Akasema mtumwa hampi bwana wake amri.

Siku aliyoshindwa kuinuka nilikwenda kwake mchana. Alikuwa amelala kwenye mkeka, Bi Tatu anamkanda. Alikuwa amekwisha, amebaki ile sauti tu.

Akanishika mkono. "Mpagazi. Hapa Kisarawe mtani wangu ni wewe peke yako. Usipolala kaburini, watu watasema Kondo kazikwa kama mwizi. Usinitie aibu."

Nikamwambia nitalala mpaka niote ndevu. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alikufa alfajiri.

Wakuu, hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza. Asubuhi Bwana Filimbi aliniita ofisini. Alikuwa na huzuni kweli, macho yamemwiva. Akasema atakwenda mazikoni yeye mwenyewe pamoja na wanafunzi wote, wapange mistari kwa heshima, kwa sababu Kondo alikuwa askari mwaminifu. Kisha akaniambia, "Wewe utavaa yunifomu. Utasimama karibu na kaburi. Sitaki fujo hata kidogo. Ikitokea fujo, wewe kazi hakuna."

Nilijaribu kumweleza. Nilisema, bwana, kwetu kuna utani, mimi ni mtani wa marehemu, nina kazi yangu pale. Akanyanyua mkono. Kwake utani maana yake mzaha, na mzaha kaburini ni ushenzi. Nikaondoka.

Sitawadanganya, niliogopa. Nilikuwa na paa la kulala mchana na chakula cha chuo. Nje ya lile geti kazi niliyoijua ni mkonge tu. Nilitazama viganja vyangu na yale makovu, nikasema moyoni, Kondo atanielewa. Maiti hana hasira. Nikavaa yunifomu, kaptula ya kaki na kofia yenye shada jekundu, nikashika rungu.

Baada ya sala ya adhuhuri jeneza likatolewa nyumbani. Manyunyu yanaanguka. Nami nimesimama mlangoni kama mti, nasema pisheni njia, pisheni njia.

Bi Tatu alikuwa kizingitini na wanawake wenzake. Hawaendi makaburini. Akanitazama kuanzia kofia mpaka miguuni, akasema polepole, wala hakuwa na hasira:

"Mtani, leo umekuja kama askari?"

Hilo tu. Bora angenizaba kofi.

Tukafika makaburini. Wanafunzi wamepanga mistari, Bwana Filimbi mbele yao na koti lake la mvua. Wazee wa Kizaramo wamezunguka kaburi, wote wananitazama mimi. Walijua. Jeneza likateremshwa chini, pembeni ya shimo.

Nikavua kofia, nikampa mwanafunzi wa karibu. Nikaegemeza rungu kwenye mti. Nikaruka ndani.

Nikajilaza pale ubavuni mwa shimo, kwenye mwanandani aliochimbiwa marehemu. Nikapiga kelele: "Hapazikwi mtu hapa! Hii nyumba yangu! Kondo alikuwa mtumwa wangu, hawezi kupata nyumba kabla ya bwana wake!"

Kicheko kikapasuka. Shemeji yake Kondo alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Bwana Filimbi akapuliza filimbi. Priiiii! Wallahi wakuu, watu wakadhani naye ni mtani, wakacheka zaidi. Mzee mmoja akamwambia, "Puliza tena, bwana!"

Nikaletewa kuku. Nikakataa. Mchele, nikakataa. Nikasema, na hapo nilikuwa nalia waziwazi:

"Sitaki kuku! Mtu huyu kakaa getini miaka yote mvua inamnyeshea, leo amekufa ndiyo mnamtafutia pa kujisitiri? Mlikuwa wapi? Mimi korokoroni sina paa, leo nimepata shimo kavu. Sitoki mpaka nipewe paa la getini!"

Kicheko kikakatika.

Mwalimu mmoja Mzaramo akamnong'oneza Bwana Filimbi, akamweleza nadhani kwamba huyu haruhusiwi kutolewa kwa nguvu, na maiti haizikwi mpaka aridhike. Bwana Filimbi akalitazama jeneza. Mvua ikaanza kukolea. Nilikuwa namwona kutoka chini, uso umemwiva mwekundu. Akaja mpaka ukingoni.

"Nitajenga," akasema.

Shemeji akauliza, "Mtani, umeridhika?"

Nikasema nimeridhika. Wakanipa mkono nikatoka, tope mwili mzima. Kondo akateremshwa. Nilishika jembe nikafukia na wenzangu, na sijawahi kulia namna ile tena, hata nilipomzika mke wangu.

Kibanda kilijengwa wiki ile ile. Cha bati, tena kina kibaraza. Siku kilipokamilika Bwana Filimbi akaniita, akanipa mkono, akasema, "Nilisema nitajenga. Pia nilisema fujo, kazi hakuna."

Alikuwa mtu wa neno lake yule. Yote mawili aliyatimiza.

Kwa hiyo mimi sikukaa ndani ya kile kibanda hata siku moja. Bi Tatu alinifungia mihogo ya njiani, akaniambia Kondo amezikwa kama mtu. Nikarudi mkonge. Ndiyo, ule ule nilioukimbia kwa viapo. Niliukata tena mpaka nikapata kijishamba huku Mbwawa, nikaoa, nikazaa, nikachoka.

Niliwahi kupita Kisarawe masika moja baadaye. Mvua inamwagika. Nikasogea getini pa chuo, nikachungulia kibandani. Mlinzi mpya alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkavu kabisa.

Bwana Filimbi alikuwa amesema kweli. Mwenye paa analala.

Sikumwamsha. Nilisimama pale nje na gunia langu kichwani mpaka mvua ikakatika, nikimlindia geti.

Funzo langu ni dogo tu. Kabla hujaandika mlinzi afukuzwe, nenda kaone anapokaa. Anayekulinda naye ana kifua, na kifua chake hakina ulinzi. Haya maneno nimeyasema tangu mkiwa hamjazaliwa, na ukweli nimeshachoka kuyasema.

Sasa nina ombi, ndilo hasa lililonifanya nianze kudonoa hizi herufi. Wanyamwezi wenzangu wa huku wamekwisha. Wazaramo wa rika langu nao wamekwisha. Wanangu ni watu wa kanisani na ofisini, msiba wangu wataupanga vizuri, na viti vya kukodi, na ratiba. Watu watakaa kimya kwa heshima. Nikilifikiria hilo nakosa usingizi.

Kama humu kuna Mzaramo, wa Kisarawe, wa Dutumi, wa popote, acha komenti hapa chini. Nitukane kidogo nijue ni wewe kweli. Siku ikifika mjukuu wangu ataandika kwenye uzi huu huu. Njoo Mbwawa uvuruge watu. Lala humo ndani, ukatae kutoka.

Na wakikupa kuku, usikubali haraka.