Kichane cha Bure

Juzi, kwenye duka moja la vyakula mtaani Matonge, mama wa Kibrazili na mwenzake wa Ekuado walikuwa wakibishana watu wa nani wana hali ngumu zaidi hapa Brussels.

"Ninyi mna kampuni za ujenzi," alisema wa Ekuado.

"Na ninyi mmeshanunua nyumba," alijibu mwenzake, mkono kiunoni.

Mwenye duka, mama wa Bukavu, alinikonyeza. "Papa, angalia sasa." Akainua kichane cha mwisho cha ndizi, akatangaza kwa Kifaransa kwamba anampa bure aliye maskini zaidi.

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Mpe huyu. Mimi sijambo kabisa."

"Alors, wote muko bien, hakuna maskini," alisema mwenye duka, akakirudisha mezani. Tukacheka sote.

Siku hizi nikitaka kujua hali ya mtu, simwulizi. Namwahidi cha bure.