Cheti cha Uvivu Wangu

Kuna wazazi wanaowapeleka watoto wao hospitali ili wapone. Mama yangu alinipeleka ili apewe karatasi yenye muhuri, inayosema kwamba sina ugonjwa wowote, ni mvivu tu. Safari hiyo aliivalia kitenge cha misa. Njia nzima kutoka mtaa wetu wa Mabanga hadi mtaa wa Katoyi, mimi nikiwa nimebanwa katikati juu ya pikipiki, alikuwa akimpigia dereva kelele sikioni kumweleza kesi yangu. Dereva alisema na yeye ana ndugu wa namna hiyo, ila wake anavuta bangi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kesi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi nilikuwa mtu kamili. Niliamka, nikafagia, nikawasha makaa, nikabeba bidoni ya maji hadi mlangoni. Saa sita mchana kope la kushoto lilianza kushuka. Saa tisa sikuweza kuinua mikono kufunga nywele zangu. Jioni nilitafuna kipande kimoja cha nyama mpaka taya likagoma, na sauti ikatokea puani, mama akasema ninaigiza walevi. Nikilala, kesho yake nilikuwa mtu kamili tena. Sasa nenda ukamwambie mwanamke aliyetoka Butembo na magunia manne ya maharagwe, akajenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, kwamba kuna ugonjwa unaoanza saa sita na kwisha ukilala.

"Ugonjwa gani uyo unajua kusoma saa?" aliwauliza wateja wake. Wateja, ambao walitaka awaongezee kiganja kimoja cha maharagwe, walikubaliana naye kabisa.

Siku zile mji ulikuwa umefurika. Waliokimbia vita vya huko Masisi walikuwa wamejenga vibanda vya turubai mpaka Lac Vert, nje ya mji, na mama alikwenda huko mara mbili kwa wiki kuuza maharagwe kwa vikopo. Alirudi na mifano. Lac Vert kuna mama ametembea siku tatu na mapacha mgongoni. Lac Vert kuna muzee wa mguu mmoja anapasua kuni. "Na wewe mwenye miguu mbili, bidoni moja tu inakushinda?" Vita vina ubaya mwingi, na ubaya wake mmoja mdogo ni kwamba ukiugua kitu kisichotoa damu unaonekana mtu wa madeko.

Kliniki tuliyokwenda ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya muzee mmoja, karani mstaafu wa upande wa Bukavu, aliyevaa tai hata akimwagilia mboga zake. Mke wake alikuwa amefariki kwa ugonjwa uleule, wa misuli kuchoka ovyo, na muzee akaifungua kliniki iwe ukumbusho wake. Picha ya marehemu, ileile iliyotangulia mbele ya jeneza, ilikuwa ukutani na utepe wake mweusi. Ukiingia sharti umsalimie: "Bonjour, Madame." Asiyesalimia hakuitwa. Na kabla ya kugawiwa vidonge tulimwombea fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi. Kwa kuwa wengi wetu ndimi zilikuwa nzito, Salamu Maria zetu zilisikika kama za watu waliotoka msibani wakapitia baa.

Siku ile ya kwanza muuguzi, mwanamke mnene asiyecheka, aliniwekea kipande cha barafu juu ya kope lililoshuka. Baada ya dakika mbili jicho likafunguka. Mama akapiga makofi.

"Si unaona? Baridi imemuamsha. Nilisema ni usingizi!"

Muuguzi akaniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, akatazama saa ya ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yao: unanyoosha mikono, wanaandika imekaa muda gani. Wangu wa kulia ulianguka kabla ya dakika moja. Mama akasema hata yeye anaweza kuangusha mkono akitaka, na ili kuonyesha, akanyoosha yake. Aliiweka hewani huku akimweleza muuguzi tofauti ya maharagwe ya Beni na ya Rutshuru, akamaliza Rutshuru, akaanza kusimulia bei ya mawese, mpaka muuguzi akamwomba aishushe kwa sababu kulikuwa na wagonjwa.

Kisha akaomba cheti.

Muzee aliyekuwa akisikiliza mlangoni alivua miwani. "Mama," alisema, "miye pia sikumuamini bibi yangu. Miaka mbili nilimwita muvivu. Njo maana nilifungua hii nyumba."

Wagonjwa kwenye benchi walimgeukia mama. Mama aliitazama picha, akamtazama muzee, akafunga kitenge chake upya.

"Basi, papa, wewe ulioa muvivu na miye nilizaa muvivu. Mungu atusaidie bote wawili."

Nilitamani volkano ifanye kazi yake palepale. Muuguzi asiyecheka alitoka nje haraka, na tukasikia akikohoa sana. Muzee alivaa miwani yake, akasema tu kwamba vyeti vya namna hiyo havitolewi pale.

Mama hakurudi tena. Mimi nilirudi kila mwezi. Vidonge vilinisaidia, lazima niseme ukweli. Nilitafuna nyama, nilifunga nywele. Vilevile vilivuruga tumbo, na choo cha kliniki kilikuwa kimoja, kwa hiyo ukitaka kutuona sisi wagonjwa wa misuli tukikimbia, ungesubiri kidogo baada ya kumeza. Ukinung'unika, muzee alikwambia: "Madame hakulalamika hata siku moja." Nakiri sikumpenda marehemu. Kila kilichokuuma, yeye alishakivumilia zamani, tena kwa tabasamu. Nilikuwa nikiitazama picha yake huku nikisema rozari na kujiuliza kimoyomoyo kama alikuwa na choo chake peke yake.

Nyumbani, mama alisema kilichonirudisha kazini ni aibu, si dawa. Kliniki aliiita kanisa la wavivu. Nilikuwa nimeshaizoea miguu inayokataa na jicho linalojifunga. Kutoaminiwa sikukuzoea hata kidogo. Nililia kwa ajili hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilitaka kitu kimoja: huyu mwanamke aliyewasimulia wateja habari za kila mtu wa mtaa wetu, amwambie mtu mmoja tu kwamba binti yake ni mgonjwa.

Kisha vita vikaacha kukaa Masisi na Sake, vikaingia mjini. Tulilala sakafuni siku kadhaa tukisikiliza mabomu, na katikati ya siku hizo vidonge vyangu viliisha. Asubuhi moja bunduki zilipopumzika, muzee alitutumia ujumbe: amepata dawa, tuje haraka kabla hazijaanza tena. Wakati huo nilikuwa nashindwa kumeza hata uji, unarudi kupitia puani. Mama alichukua kitenge cha pili, akakitupia begani.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Mutoto muvivu iko mutoto," alisema.

Pikipiki hazikuwepo. Nilitembea kidogo, nikakaa juu ya jiwe, nikatembea, nikakaa. Kila nilipokaa mama alisimama mikono kiunoni akinitukana, lakini niliona kwamba alisimama daima upande wa barabara, mimi nikiwa nyuma yake. Tulifika karibu saa sita. Muzee alikuwa na tai. Boksi la vidonge lilikuwa mezani. Tulikuwa wagonjwa watatu, mimi, mwalimu mmoja wa kike, na papa mmoja fundi cherehani ambaye kope zote mbili zilikuwa zimemshuka, akiinua uso juu ili atuone.

"Papa, leo tumeze kwanza," fundi alisema.

"Madame kwanza," muzee akajibu.

Kwa hiyo vita vilitukuta tukiwa kwenye Salamu Maria ya saba, na vidonge bado kwenye boksi.

Waliingia wanne, na bunduki. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha na magwanda yaliyoachwa na wale waliokimbia. Mkubwa wao alipiga kelele: "Mikono juu! Bote!"

Tuliinua. Mama, muuguzi na muzee waliinua kama watu. Sisi watatu tuliinua kama tulivyoweza, na kabla wale wenye bunduki hawajamaliza kufungua kabati la kwanza, mikono ya fundi ilikuwa imeshashuka hadi mapajani. Mwalimu akafuata. Mkubwa wao aligeuka, na mtu aliyemwona ni mimi, mkono wangu wa kulia ukishuka kuelekea kiunoni.

"We! Unachukua nini pale?"

Aliikoki bunduki. Nilitaka kusema ni ugonjwa, lakini sauti yangu ilitoka puani, maneno yote yakawa uji.

"Inua," mama aliniambia kwa meno yaliyobanwa. "Inua, we mutoto."

"Siwezi."

"Nakuomba."

Hilo neno hakuwahi kuniambia maishani. Nilijaribu. Mkono wa kushoto nao ukaanguka.

Mama alitembea. Aliambiwa asimame, akatembea. Alikuja nyuma yangu, akanishika viganja vyote viwili vya mikono, akavinyanyua juu pamoja na vyake. Nilimsikia akivuta pumzi. Mama alikuwa amebeba magunia tangu usichana wake; angepima kikopo cha maharagwe kwa kiganja akakwambia pungufu iko wapi. Watu walishajaribu kumdanganya kuhusu mambo mengi, lakini kuhusu uzito hakuna aliyeweza. Na mikono niliyomwachia siku ile ilikuwa na uzito wa kitu kisicho na mwenyewe.

Muzee alimwinulia fundi. Muuguzi akamwinulia mwalimu. Tukasimama hivyo, wawiliwawili, mikono minne juu kwa kila mmoja wetu.

"Awa banafanya nini?" mkubwa wao aliuliza.

"Ni bagonjwa," muzee alijibu. "Hii ni klinike ya bibi yangu." Akaielekeza pua kwenye picha, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Na yeye iko wapi?"

"Alikufa."

Yule mtu aliitazama picha kwa muda mrefu. Nafikiri hakupenda kliniki ambayo mganga wake mkuu ni marehemu. Walichukua simu zetu na saa ya ukutani, wakatoka.

Muzee alimkalisha fundi kwenye benchi, akapangusa jasho. Akasema tumefanana na Musa siku ile ya vita, alipochoka na watu wakamshikia mikono juu.

"Musa alikuwa na batu wawili," mama alisema nyuma ya kichwa changu. "Miye niko peke yangu."

"Mama, wameshaondoka," nilimwambia.

"Nyamaza."

Hakuniachia. Aliniketisha huku bado amenishika, na hapo tu ndipo alipofungua vidole. Kisha akaenda mezani, akafungua boksi mwenyewe.

"Tulikuwa tumefika ya saba," muzee alisema, kwa sauti ndogo.

"Madame atangoja."

Muzee aliinamisha kichwa. Mama aliniwekea kidonge juu ya ulimi, akaniinua kidevu, akanimiminia maji kidogokidogo kwa kifuniko cha chupa, akingoja kila tone lipite. Hakuniangalia machoni, wala hakuomba msamaha. Hadi leo hajaomba, na mimi sijamdai.

Bunduki zilianza tena upande wa Sake, na mama hakutaka kungoja dawa ipande. Aliinama mbele yangu. Nilimwambia mimi ni mtu mzima. Akaniambia nipande au anifunge kama mbuzi. Muuguzi alinisukuma, mama akakizungusha kile kitenge cha pili, akakifunga kifuani, na hivyo ndivyo nilivyotoka Katoyi, nina miaka ishirini na mitatu, nimefungwa mgongoni, miguu ikining'inia karibu na ardhi.

Kwenye kona ya kwanza mwanamke aliyekuwa akichungulia mlangoni mwake aliuliza: "Mama, amepigwa risasi?"

Mama alisimama kurekebisha fundo la kitenge.

"Hapana," alisema. "Iko mugonjwa. Misuli yake inachoka."

"Pole yake."

"Aksanti."

Mbele kidogo muzee mmoja mwenye godoro kichwani akauliza hivyohivyo, na mama akamjibu, sasa kwa sauti kubwa zaidi, ile ya sokoni. Iko mugonjwa. Wa tatu hakuuliza hata, mama akamwambia. Niliweka shavu langu shingoni kwake, na machozi yakamwingia kwenye kola.

Tulipokaribia Mabanga dawa ilianza kufanya kazi. Kope lilipanda, barabara ikaonekana moja badala ya mbili, na nikahisi nguvu ikirudi mapajani. Ningeweza kumwambia anishushe. Lakini mbele yetu kulikuwa na kundi la watu wamesimama na mizigo yao, wanatutazama tukija, na nilitaka kumsikia akilisema tena lile neno.