Faili Kifudifudi

Karani wa mapokezi kwa mwanasaikolojia hulaza kila faili kifudifudi, jina lisionekane. Wateja huwaita kwa namba, na kilio kikipenya mlangoni, huongeza sauti ya redio bila hata kuinua macho. Wambea wa mtaani wamemchimba mpaka wamechoka. "Huyo mama kashonwa mdomo!" husema. Mume mmoja alikuja kumuulizia mkewe, naye akamjibu, "Baba, mimi hapa simjui mtu," ilhali mke yuko chumba cha pili.

Jana asubuhi aliingia binti yake wa kumzaa, yule ambaye nyumbani kila akiulizwa husema ni uchovu tu. Karani akampa fomu na kalamu kama anavyompa mgeni yeyote. Iliporudi, akaikagua mstari kwa mstari, maana ndiyo kazi yake. Penye swali la nani asiambiwe lolote, binti alikuwa ameandika: "Mama."

Karani akagonga muhuri wa SIRI, akalilaza faili kifudifudi.

"Namba tisa," akaita.

Mlango ulipofungwa, akaongeza redio.

"Punguza basi, mama," akasema mmoja kwenye benchi. "Mbona huko ndani hakuna anayelia?"

Karani akajipangusa uso kwa kiganja, akaongeza tena.