Ile Sita Iliyoingia Mwisho

Iko siku moja ya likizo, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nacheka peke yangu. Miaka ile ya tisini nilikuwa msichana wa Kikamba wa Kitengela, mdomo mwepesi kuliko kichwa. Rafiki yangu Nasieku, ambaye tulisoma darasa moja, alinipeleka kwao upande wa Kajiado. Tulikwenda na hofu kidogo, kwa sababu baba yake hakuwa amekata shauri kama atamrudisha shule.

Jioni tuliinamisha vichwa, mzee akatugusa utosini kwa salamu, kisha akaelekeza fimbo kwenye zizi la ndama.

"Nasieku, hiyo shule imekufundisha nini? Nimechukua ndama zangu zote, nikafanya mara mbili, nikaongeza sita. Nimepata ishirini na nne. Nionyeshe kama umejua."

Ulimi hauna mfupa. Niligawanya ishirini na nne kwa mbili, nikatoa sita, nikapaza sauti: "Ziko sita!"

Mzee alinitazama kwa upole. "Mtoto yangu, huku kwetu mifugo haihesabiwi na mdomo. Na pia umekosa."

Niliona haya. Nasieku alitulia, akairudia hesabu taratibu kutoka mwisho kwenda nyuma. Ile sita iliingia mwisho, basi aliitoa kwanza, ndipo akagawanya kwa mbili. Akawatazama ndama mmoja mmoja, kimya.

"Baba, kuna moja haiko hapa."

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Iko ndani kwa mama yako, imezaliwa leo. Shule ikifunguliwa, utarudi."

Tulirukaruka kama wale ndama. Walikuwa tisa, na zizini nane. Mzee anisamehe, nimewahesabu tena.

Basi mwanangu, kwenye hesabu zako, y ikiwa ni x mara mbili, ukaongeza sita, usikimbilie kugawanya. Toa sita kwanza, gawanya baadaye, na x utaiona. Mwenda pole hajikwai. Hata ukikosana na mwenzako, anza kuondoa lile neno la mwisho mlilotupiana, ndipo mshuke mpaka kwenye chanzo. Na kama umejua jambo, si lazima ulitangaze. Nasieku alirudi shule kwa kujua na kunyamaza.

Mungu akuzidishie, mwanangu, tena akuongezee, na siku ya kurudi nyuma asikupunguzie kitu.